Wiki Isiyo na Jumatatu

Wiki yangu haina Jumatatu.
Ina piano mia mbili na kumi na mbili,
kila moja na ukurasa wake, kila ukurasa na maradhi yake:
ile ya bweni la watawa, iliyotafunwa na nondo hadi kwenye nyundo;
ile ya Bi Hortensia Oyarzo, anayeiwekea mtungi wa maua kichwani
kisha akashangaa kutu imetoka wapi.
Zote zimo katika kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni,
juu ya friji, jikoni kwangu, hapa Valdivia
ambapo mvua haina adabu ya kubisha hodi
na mbao hunywa maji usiku kucha.

Belarmino, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyenisimikia,
akaenda zake Antofagasta, migodini.
Aliniachia nywila kwenye karatasi na onyo moja:
"Shangazi, usisasishe Ijumaa."
Leo ni Ijumaa.

Miezi kumi na minne kijisanduku cha manjano kimenikodolea jicho:
toleo jipya lipo, toleo jipya lipo.
Nami kishawishi hicho nakijua tangu kazini.
Piano iliyoshuka nusu sauti huipandishi kwa mkupuo:
ukikaza waya huu, ubao wa ndani unabonyea,
na ule uliouweka sawa asubuhi
umekwisha kulegea nyuma ya mgongo wako.
Nyaya mia mbili na ushei. Hakuna ulio peke yake.

Nikafanya nakala rudufu. Nikafanya nakala ya nakala,
nikaitia kwenye droo ya vijiko.
Nikameza mate. Nikabonyeza.

Ukurasa mweupe.
Si mweupe wa karatasi; mweupe wa pengo la jino.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
kosa, mstari wa themanini na nane.
Nilicheka peke yangu kama mwehu. Themanini na nane!
Hata hitilafu imehesabu vibonyezo vya piano.

Basi nikafanya nifanyavyo kwa nyaya:
unazibana zote kwa utepe wa sufi,
unaachia mmoja, unasikiliza.
Programu-jalizi kumi na moja, nikazizima zote.
Nikawasha ya kalenda. Salama.
Ya kutafuta, salama.
Ya picha, ya majedwali, ile ya kuchapa risiti
ambayo sikumbuki niliiweka lini wala kwa nini
(hiyo nikaifuta, buriani).
Ya tisa ikagoma.

Ni ile inayochora mkunjo wa sauti,
mstari unaoinama kwenye besi na kuinuka kwenye sauti nyembamba,
kila piano na mgongo wake.
Aliyeiandika anaitwa Ondřej. Yuko Brno, au alikuwako.
Hajaigusa miaka sita.
Aliacha sentensi moja: "Nimepata mtoto, sina muda."
Sikumlaumu. Kamba hukatikia pabovu,
lakini pabovu pa nani, Ondřej? Pako wewe uliyekesha na mtoto,
au pangu mimi niliyeegemea bure miaka sita
bila kutuma hata ahsante?

Saa nane za usiku nilikuwa nimeusoma mstari wako
mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.
Neno moja lilikuwa limezeeka. Toleo jipya halikulitambua,
lililipita kama mgeni hotelini.
Nikalibadilisha kwa mkono uleule
unaozungusha pini robo ya robo, sikio likingoja mlio wa kukatika.

Mgongo wa kwanza ukajichora.

Nikafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu. Hauna piano.
Una tarehe, mstari, neno la zamani, neno jipya,
na: Belarmino alisema kweli kuhusu Ijumaa.
Nikamtumia Ondřej lile neno, na ahsante iliyochelewa.
Huenda anwani yake imekufa.

Kisha nikaitazama shule ya Corral, maelezo ya mwisho:
la ya nne inalia kama paka aliyefungiwa nje.
Chini yake nimeandika: Jumanne, mvua ikikatika.
Haitakatika. Nitaenda.